Mshono wa Kaakaa

"Nani humu ndani alimcheka mtu kwa umbo lake?"

Ndivyo Eno Tawia, jirani yao, alivyouliza siku ya nane ya mtoto. Mzee wa upande wa baba alikuwa amemdondoshea mtoto tone la maji ulimini akisema, "Ukisema maji, yawe maji," kisha tone la pombe, "Ukisema pombe, iwe pombe," ili akue akiujua ukweli. Mtoto akaitwa Barima. Mara maji yale yakamtoka puani, ndipo Eno Tawia akauliza.

Dufie, dada wa mtoto, mwenye miaka kumi na miwili, alitazama vidole vya miguu yake. Mama alipokuwa mjamzito, Dufie alimwigiza mwuza viazi vikuu mwenye mdomo uliopasuka, akaongea kwa pua kama yeye, wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Na kila mtu pale mjini Mampong anajua: nyumba yenye mimba haimcheki mtu, mtoto asije akazaliwa na kasoro ileile.

Tangu siku hiyo moyo wake ukawa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Upo, ila hausikii kitu.

Ilikuwa likizo ya shule. Kila alfajiri Mama alikamua maziwa yake kikombeni, kwa kuwa mtoto alishika titi kidogo tu akachoka, akaliacha. "Huyu mvivu kama babu yake," Mama alisema akicheka, kisha akaenda sokoni kukaanga viazi. Dufie alimlaza Barima mapajani na kumnywesha kwa kijiko. Kijiko kimoja kiliingia, kingine kikarudi puani. Mtoto alipaliwa, akapiga chafya, akalia kwa sauti nyembamba. Dufie alimpangusa, akafua kitambaa, akakianika nyuma ya nyumba.

"Amekunywa?" Mama aliuliza akirudi.

"Amekunywa yote."

"Mbona mwepesi hivi?"

"Sijui, Mama."

Alisema hivyo kila siku, bila kupepesa macho. Angesema kweli, swali la Eno Tawia lingerudi, na safari hii lingemkuta yeye.

Barima alipofikisha mwezi mmoja, wakampeleka zahanati kupimwa. Muuguzi, Sista Pokuaa, alitazama mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena.

"Mama Dufie, mtoto amepungua kuliko siku aliyozaliwa. Mbavu zake nazihesabu. Maziwa humtoka puani?"

"Matone tu, usiku. Ana mafua."

"Mafua ya mwezi mzima?" Sista akamgeukia Dufie. "Wewe ndiye unayemnywesha mchana. Sema, binti yangu. Mtoto huyu hana siku nyingi za kusubiri."

Dufie alimtazama mdogo wake. Kifua kile kidogo kilipanda na kushuka haraka haraka.

"Yanatoka," alisema. "Tangu siku ya jina. Kila siku. Nilifua vitambaa ili Mama asione. Nilimcheka mwuza viazi, ndiyo maana Barima amekuwa hivi."

Sista akawasha tochi, akambonyeza mtoto kidevu taratibu. Midomo ilikuwa mizima, lakini ndani, juu ya ulimi, kulikuwa na upenyo mrefu katikati.

"Kaakaa lake halikufunga. Dufie, pitisha ulimi juu ya kaakaa lako. Unagusa mstari katikati?"

"Naugusa."

"Huo ni mshono. Kila mtu anao." Sista akaning'iniza viganja vyake, kimoja huku, kimoja kule. "Tumboni kaakaa huanza vipande viwili, vinaning'inia kandokando ya ulimi hivi. Kisha ulimi hushuka, vipande huinuka, hulala, husogeleana." Akainua viganja hadi vikagusana. "Vikikutana hushikana, kuanzia mbele kwenda nyuma, vikawa kitu kimoja. Vya Barima havikukutana. Mara nyingi hatujui kwa nini. Wewe ulicheka lini?"

"Viazi vipya vilipoanza kuja."

"Mimba ilikuwa ya miezi saba," Mama alisema polepole.

"Basi! Kazi hii yote humalizika kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Ulipocheka, upenyo ulikuwepo zamani."

Dufie alingoja moyo wake ufurahi. Haukufurahi.

Sista akamkalisha Barima wima, akamnywesha maziwa ya Mama kwa kikombe kidogo, tone baada ya tone, akimpumzisha. Machache yalitoka puani. Mengi yalishuka, na mtoto akameza, akameza tena, mpaka kikombe kikaisha. "Mtamnywesha hivi, mara nyingi kwa siku. Mniletee kila wiki nimpime. Akinenepa, akikaribia mwaka, madaktari wa Kumasi watamshona."

"Mungu ashukuriwe," Mama alinong'ona.

"Na wewe, Dufie, nisikilize. Kumcheka mtu ni vibaya, utamwomba radhi. Lakini kicheko hakipasui kinywa cha mtoto. Njaa ndiyo iliyokuwa ikimmaliza mdogo wako, na wewe ulikuwa ukiifunika. Ukiona jambo baya, liseme siku hiyohiyo, hata kama unadhani kosa ni lako. Anayeambiwa mapema husaidia mapema."

"Ndiyo, Sista."

Dufie akamgeukia Mama. "Mama, nisamehe."

Mama alimfunga Barima mgongoni, akakaza kitambaa kifuani, akachukua kadi mezani. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu usoni mwake.

"Wiki tatu umenificha, Dufie," alisema.

Kisha akatoka nje.