Kidole cha Kuazima

Kila asubuhi kabla ya shule, Sisimizi aliteka maji, akamvisha mdogo wake na kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu hatulii mahali pamoja. Lakini wiki hiyo alizidi. Alifagia palipokwisha kufagiwa, akaosha vikombe visafi, na darasani mwalimu alimuuliza, "Wewe, kiti chako kina miiba?"

Kilichomwasha ni siri ya mama.

Mama alipokuwa na mimba ya huyo mdogo, alipata kisukari cha ujauzito. Alipojifungua kilipotea, ila nesi alimwonya arudi kupimwa kila mwaka, kwani kinaweza kurudi. Mama hakurudi mpaka kiu ilipomzidi. Siku hiyo alikuwa ameshakula, kwa hiyo nesi alimwazima kipimo cha kutoboa kidole, ajipime nyumbani kila asubuhi kabla ya kula.

Asubuhi ya kwanza, mama, ambaye sindano humchoma mchana kutwa bila kulalamika, alikitazama kile kisindano akatokwa na jasho.

"Hebu lete kidole chako, mwanangu," alisema. "Kwani damu yetu si moja?" Alicheka, akamsogezea kipimo. "Na ya nyumbani hayatoki nje."

Sisimizi akatoa kidole. Namba ikatoka nzuri, siku hiyo na zilizofuata. Huku nyuma mama alikuwa anamaliza majagi ya maji, na siku moja alihangaika kutia uzi kwenye tundu la sindano mpaka akaitupa. Sisimizi aliogopa sana. Bibi yake alikuwa fundi pia, na kisukari kilimpofusha.

Siku ya kurudisha kipimo, alimsindikiza mama zahanati. Nesi alibonyeza kitufe, akasoma namba zilizohifadhiwa, akatabasamu.

"Hongera, fundi! Hizi namba za msichana kabisa. Tuonane mwaka ujao."

Mwaka ujao! Mama alikuwa ameshashika mkoba wake.

"Ni yangu!" Sisimizi alipayuka. "Nesi, hiyo damu ni yangu!"

"We mtoto!" mama alifoka. Kisha akaketi tena, machozi yakimlengalenga. "Niliogopa. Mama yangu alipofuka. Nami nikipofuka, hawa nitawalisha nini?"

"Ndiyo maana tunapima mapema," nesi alisema kwa upole, akafungua kisindano kipya. Safari hii kidole kilikuwa cha mama mwenyewe, na namba ilikuwa juu. Vipimo vya kesho yake vilithibitisha: kisukari kimerudi.

"Lakini kiliisha!" mama alilalamika.

"Sukari ilishuka, fundi. Hatari ilibaki. Wewe hupiga chaki kwenye kitambaa, sivyo? Kitambaa ni kilekile, lakini ile alama inaiambia mikasi ipite wapi. Watafiti wanachunguza alama za namna hiyo juu ya jeni, vile vitu tunavyorithi kwa wazazi. Wanataka kujua kama zinaweza kuwaonyesha mapema akina mama ambao kisukari kitawarudia."

"Basi nimeshahukumiwa?"

"Nani kasema? Chaki si mkasi. Meza dawa, punguza sukari, tembea, uje kliniki. Macho yako bado tunaweza kuyalinda."

Mama alianza kutembea jioni, huku Sisimizi akimbeba mdogo wake mgongoni. Mwanzoni mama alinung'unika kila hatua. Miezi ikapita, namba zikashuka, kiu ikapungua, na uzi ukaanza kupita tunduni bila matusi.

Asubuhi moja mama alijitoboa kidole, akaisoma namba kwa sauti ingawa ilikuwa imepanda kidogo. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Siku ile kule zahanati nilitamani ardhi inimeze," alisema. "Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Ukiona jambo linamdhuru mtu wako, mwanangu, mwambie anayeweza kusaidia. Sema, hata kama aliyekukataza ni mimi."