Bomba la Mtaa wa Juu

Jumanne ya tarehe kumi na nane Juni ndiyo siku mambo yalipoharibika hapa kijijini kwetu Letsopeng. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, binti yangu Gaone aliamka kabla ya jua, akajifunga blanketi mabegani, akaenda kupanga ndoo kwenye bomba la dukani. Bomba lilikuwa hilo moja tu kwa kijiji kizima. Mara nyingi alifika shuleni somo la kwanza limekwisha, akasimamishwa mlangoni na wachelewaji wenzake. Mama yake alikwisha fariki, nami mgongo wangu niliuacha migodini. Nani mwingine angechota?

Siku hiyo ndiyo ilikuwa iwe mwanzo wa kuiaga foleni. Kaka yake, Oteng, anasoma chuo kikuu kule Gaborone. Yeye na mwenzake mmoja, binti aitwaye Wame, walichaguliwa katika mpango wa wanafunzi wanaojifunza uongozi kwa kuwatumikia watu wakati wa likizo. Oteng aliomba aletwe kwao. Akaisumbua halmashauri mpaka ikakubali kutoa fundi na mabomba, kwa sharti kwamba wanakijiji wachimbe mtaro wenyewe. Kama kazi isingeanza kufikia Ijumaa, wanafunzi wangehamishiwa kijiji kingine, na maji yetu yangewafuata huko huko.

Basi Oteng alipanga sururu na mabeleshi ya kuazima kando ya uzio wa shule, mahali bomba jipya lilipokusudiwa. Akangoja. Jua likapanda. Hakuja mtu.

Mzee mmoja alipita na punda wake. "Kazi njema, Mheshimiwa!" akasema, wala hakusimama.

"Labda ni baridi," alisema Wame.

"Baridi gani?" Oteng akafoka. "Watu hawa ni wavivu tu! Walikubali mbele ya chifu, leo wamejifungia ndani."

Nilikuwa nimekaa juu ya gogo, nimechoka hata kabla ya kushika beleshi. Nikamwuliza, "Nani alisema tumekubali?"

"Wote, baba! Nilipomaliza kueleza, baraza zima lilisema 'tumesikia'."

"Mwanangu, tumesikia ni tumesikia. Barazani kwetu mtu akikwambia hivyo, maana yake umesema, sasa keti. Wewe hukuketi. Uliwashukuru, ukakunja karatasi zako, ukaenda."

"Sasa mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Ungenisikia? Umeanza mapema kutowasikia watu. Wenzako hungoja kwanza wapate ofisi."

Oteng alikasirika, akaanza kukusanya sururu kwa kelele. Hapo Gaone akafika kutoka bombani, ndoo kichwani, sare yake imelowa begani. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, kisha akatua ndoo.

"Kaka, nikisema utanigombeza."

"Sema."

"Kwenye foleni wanaliita bomba la kwa Baba Oteng."

Uzio wa shule umepakana na uzio wangu. Kweli, bomba lile lingekuwa kama limeota mlangoni kwangu. Oteng alikuwa amewafikiria watoto wa shule, lakini nani angeamini? Mimi mwenyewe, miaka yote, nimesema kwamba wakubwa huvuta kila kitu kuelekea kwao. Sasa wenzangu walikuwa wanasema vivyo hivyo kuhusu mwanangu.

"Umejua tangu lini?" Oteng aliuliza, sauti imeshuka.

"Tangu wiki iliyopita. Wananiita dada wa Mheshimiwa Bomba. Mpakwa wa darasani kwetu aliniambia nichote polepole, eti karibu nitaoga mara tatu kwa siku."

"Sasa mbona ukanyamaza?"

"Kila nikikujia uko kwenye simu. Tena uliniambia nisikusumbue na maneno ya watoto."

Oteng akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Baadaye akasema atapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza.

"Utahutubia kila mlango?" Wame alimwuliza. "Mimi nadhani tumeeleza vya kutosha. Bado hatujauliza."

Wakaenda kwa Chifu Lekoko, wakamweleza aliyoyasema Gaone, wakaomba baraza lingine. Chifu aliwasikiliza, akachochea moto wake, akasema, "Njoo kesho, kijana. Uje na kiti. Mdomo uuache nyumbani kwa baba yako."

Kesho yake baraza lilijaa. Oteng alikaa nyuma pamoja na Wame na Gaone, si mbele na wazee kama mara ya kwanza. Watu walisema, na walisema hasa. Mama Gabaake wa mtaa wa juu, mjane mwenye magoti mabovu, ndiye aliyeanza.

"Mimi nilimfunga mtoto huyu nepi," alisema. "Leo amerudi na karatasi ananifundisha kiu! Hivi, mheshimiwa, kule chuoni walikuonyesha mtaa wa juu, au ramani yao inaishia kwenye ua wa baba yako?"

Watu walicheka. Oteng alitaka kuinuka ajitetee, Wame akamkanyaga mguu. Akabaki ameketi. Wakasema wengine, wa kusifu na wa kukebehi, mpaka maneno yakaisha. Kisha wakaanza kushauriana wenyewe. Wakaamua bomba liwekwe kwenye njia panda ya mtaa wa juu, karibu na wazee, na watoto wa shule wapite hapo njiani. Kwa Gaone ni mbali kuliko uzio wa shule, lakini si kama dukani.

"Tumekubali?" chifu aliuliza.

"Tumekubali!"

Chifu, ambaye kwa desturi husema mwisho, ndipo akainuka. "Oteng, nia yako ilikuwa njema. Lakini nia iko moyoni, na watu hawaoni ndani ya moyo. Wanaona mtaro unaelekea wapi. Anayetaka kuwatumikia watu awaulize kwanza, kisha avumilie jibu, hata likimchoma. Na wewe, Gaone, ulikuwa na neno la kweli ukalifungia mdomoni. Neno la mtoto si neno dogo. Siku nyingine liseme mapema."

Alhamisi sururu zilikuwa chache kuliko watu. Mama Gabaake hakuweza kuchimba, akaleta uji wa mtama na maneno ya kuwachekesha wachimbaji. Oteng alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mtaro haukuwa mrefu, kwa sababu bomba kuu la kwenda mjini linapita kando ya barabara yetu, chini ya miguu yetu, tangu Gaone hajazaliwa. Ijumaa fundi aliunga, maji yakatoka. Watoto walikinga viganja wakapiga kelele.

Jumatatu alikuja bwana wa halmashauri kulizindua. Alivaa suti, akahutubia kwa muda mrefu juu ya maendeleo na moyo wa serikali wa kuwajali watu wake. Mimi niliegemea uzio uliokuwa karibu. Nimezisikia hotuba hizi nyingi, nyingine msibani kwa mke wangu, aliyebeba ndoo za dukani akikohoa mpaka wiki yake ya mwisho.

Alipomaliza akauliza, kwa desturi tu, kama kuna mwenye swali. Kisha nikaona mkono umeinuliwa katikati ya sare za shule. Alikuwa Gaone. Nilitaka kumwashiria ashushe. Nikaacha.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Tunashukuru kwa maji. Naomba kuuliza. Bomba kubwa lilikuwa hapa barabarani siku zote, na kuchimba kumechukua siku mbili. Mama yangu amekufa akichota dukani. Miaka yote ile, mlikuwa mnangoja nini?"