Maziwa ya Mama Mkwe na Sindano ya Tekber

— Kunywa, mkwe wangu. Bakuli hili likiisha lipo jingine.

— Mama, maziwa yamefika kooni.

— Tumbo la bibi harusi halijai! Uende kwa mwanangu na miguu hiyo ya mbuzi wa kiangazi, watu wa Atar waseme kwetu ngamia wamekauka?

Aliyesema hivyo ni Bi Neina, mama yake Yeslem, bwana harusi. Alikuja mwenyewe hemani kwangu kumnenepesha mjukuu wangu Tekber kabla ya harusi, maana kwetu mke mwembamba ni aibu ya mume. Alileta mitali ya ukoo wao, zile bangili za fedha za miguuni. Alipomvisha, ikateleza, ikapita kisigino, ikaanguka mkekani. Tekber akainamisha uso.

Tekber ana sukari, ile ya sindano, tangu utotoni. Chupa yake ya insulini tunaifunga ubavuni mwa kiriba cha maji ipate ubaridi. Bi Neina akawa anaitazama kwa jicho baya.

— Sindano hii ndiyo inayomla nyama. Anakula, anajidunga, hanenepi. Tuiache mpaka harusi ipite.

— Bi Neina, daktari alisema asiiache hata siku moja.

— Huyo daktari ameshanenepesha mabibi harusi wangapi?

Nikamgeukia mjukuu wangu.

— Na wewe mbona kimya?

— Niache, Bibi. Nataka mitali ikae. Sitaki Yeslem achekwe.

Ningefanya nini? Mwenye mwili kakubali, na mama mkwe hagombezwi. Kesho yake Tekber akawa anakunywa maji kama mchanga. Bi Neina akafurahi.

— Umeona? Mwili unapokea!

Haukupokea kitu. Mashavu yalizidi kuingia ndani, kisha akaanza kutapika. Nikapapasa kwenye kiriba. Chupa haipo.

— Bi Neina, dawa iko wapi?

— Nimeihifadhi. Harusi ni Alhamisi, vumilia.

— Nakuomba kwa jina la Mungu.

— Mkimdekeza hivi hatanenepa!

Yeslem alikuwa kazini, kwenye mgodi wa chuma huko Zouérat. Nilipiga simu, haikushika. Nikaandika, herufi moja moja: “Yeslem. Mama yako kaficha dawa ya Tekber. Anatapika. Njoo.”

Nikakaa na simu mapajani, namtazama mtoto anavyohema. Pumzi yake ilinuka tende zilizochacha. Hatimaye jibu likaingia: “Natoka sasa hivi, Bibi. Nampigia mama.”

Simu ya Bi Neina ikalia. Sauti ya Yeslem ilijaa hema zima.

— Mama, dawa iko wapi?

— Hata salamu hakuna?

— Mama! Iko wapi?

— Nimeifukia mchangani, nyuma ya hema, kivulini. Mwanangu, nilitaka upate mke wa kujivunia.

— Utanipa kaburi la kujivunia!

Tukachimba kwa mikono. Kivuli kilikuwa kimehama zamani. Chupa ilitoka ya moto kama chai, dawa imeharibika, na nyingine hatukuwa nayo.

Jirani akatupakia kwenye gari lake kwenda hospitali ya Atar. Kichwa cha Tekber kilikuwa mapajani mwangu, miguu mapajani mwa Bi Neina.

— Tekber, nijibu mwanangu! Bi Neina, mbona hanijibu?

Bi Neina alikuwa analia, amekumbatia vile vifundo vya miguu.

Walimtundikia maji na insulini. Tulingoja ukutani, wanawake wawili wazima wasio na la kufanya. Daktari, binti mdogo tu, akatoka.

— Ataishi. Mama zangu, sindano haili nyama. Ndiyo inayoingiza chakula mwilini. Bila hiyo chakula kinatoka na mkojo, na mwili unajila wenyewe.

Bi Neina akauliza polepole:

— Basi hatanenepa kamwe?

— Atanenepa, ila taratibu. Nyama, mayai, karanga, kuskus ya kupimwa, maziwa kwa kikombe, siyo kwa bakuli. Apime sukari, na apate insulini inayotosha chakula chake. Kipimo chake tutakipanga sisi na yeye.

Yeslem akafika, mwekundu kwa vumbi la chuma mpaka kope.

— Kwa nini uliacha, Tekber?

— Mitali yenu ilikuwa inanidondoka.

— Mitali naipeleka kwa mfua fedha aipunguze. Wewe ukiniponyoka, nitakupeleka kwa fundi gani?

Harusi ikasogezwa mpaka msimu wa tende. Tekber aliongezeka kidogo, mashavu yakarudi. Mimi bado usingizi wangu ni wa kuamka amka, nasikiliza anavyopumua.

Siku ya harusi, huko Atar kwa kina Yeslem, mashoga zake wakamficha bibi harusi, kama desturi yetu, Yeslem amtafute. Alizunguka mtaa mzima huku wakimcheka.

— Bwana harusi, umeangalia chini ya ngamia?

Kuskus ikaiva. Mara Bi Neina akatoka mbio jikoni, chupa ya insulini mkononi, bado ina ubaridi.

— Yuko nyumba ya pili, nyuma ya pazia! Mtoeni, wakati wa sindano umefika!

— Ah, Mama! Umeharibu mchezo!

— Chezeni nyinyi. Mimi kuficha nimeacha.