Jina Lililoachwa Chini

Asubuhi ile Flora hakumwamkia baba yake. Alitoka chumbani amejifunga khanga kifuani, akapita barazani Cuthbert alipokuwa anakunywa chai, akasema kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, "Umeamkaje, Baba Flora?" Kisha akachukua ufagio, akaenda zake uani.

Cuthbert alicheka peke yake. Binti wa miaka ishirini, aliyelelewa na bibi mwepesi wa kuchapa, hasahau shikamoo hata akiwa na usingizi. Alidhani anataniwa, na siku ile alikuwa radhi kutaniwa, maana jana yake wimbo uliomshinda Flora siku nyingi ulikuwa umerekodiwa.

Bendi yao iliitwa Majabali. Walipiga muziki wa metali, tena si ule wa mbio. Wa kwao ulikuwa mzito na wa polepole, magitaa yamelegezwa nyuzi mpaka yananguruma, nyimbo ndefu za vita na milima na watu waliokufa wakiwa wamesimama. Masasi walichekwa sana, wakaambiwa huo ni muziki wa kusukuma lori bovu. Lakini Anastasia, mke wa Cuthbert, alipofungua kinywa, hata waliokuja kucheka walinyamaza. Homa ikamchukua Anastasia, Flora akiwa bado ananyonya, na bendi ikafa siku hiyo hiyo. Yoeli mpiga ngoma alirudi kwenye mikorosho yake Chiungutwa, na Cuthbert akaendelea kufundisha shule, mwalimu asiyeongea sana.

Kuna jambo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililoleta yote. Kwetu msiba hauishii kaburini. Jina la marehemu hukabidhiwa ndugu yake mbele ya wazee, kwa unga wa mtama, naye aliyelirithi huitwa kwa jina hilo, na watoto wa marehemu humwita mama. Yasinta, mdogo wake Anastasia, alikuwa tayari kulichukua. Cuthbert akakataa katakata. Alisimama mbele ya watu akasema hataki kusikia mwanamke mwingine akiitwa Anastasia maisha yake yote. Wazee waliona ni uchungu, wakamwacha, na jina likabaki chini.

Mwaka huu Majabali wakarudi. Waliazimwa ghala la korosho kule Chiwata, tupu kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha, wakaweka maiki zao na kompyuta ya Cuthbert juu ya magunia. Flora ndiye angeimba. Sauti alikuwa nayo, lakini wimbo wa mwisho wa mama yake ulimshinda: magitaa hunguruma muda mrefu kabla ya mwimbaji, na asipoingia mahali pake hasa, wimbo wote unaanguka. Aliwahi, akachelewa, akawahi tena, akaanza kulia. Zamani Anastasia aliingia kwa kuitwa na mumewe. Basi Cuthbert, macho ameyafumba, vidole kwenye gitaa na mawazo yamekwenda mbali, akasogelea maiki, akaita kwenye hedifoni za binti yake: "Anastasia, ingia."

Na akaingia, pale pale panapotakiwa. Yoeli alilia juu ya ngoma zake. Cuthbert alimkumbatia binti yake kwa nguvu, na katika furaha ile hakuna aliyefikiri kwamba jina lilikuwa limeokotwa bila unga wala wazee, likavishwa mtoto aliyesimama karibu.

Siku zilizofuata kazi ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Flora aliimba kila wimbo mara moja tu, kwa sauti iliyokuwa imeshuka na kupanuka. Mchana mmoja alisimamisha wimbo katikati, akamgeukia Yoeli, mtu wa kumwita mjomba, akamwambia, "Yoeli, zamani hapo ulikuwa unaruka pigo moja." Ilikuwa kweli, na mtindo huo Yoeli aliuacha kabla Flora hajajua kutembea. Mzee akaweka vijiti chini, akamvuta Cuthbert nje juani.

"Huyo si mtoto," alinong'ona.

"Najua," Cuthbert alijibu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe, ingawa namwelewa. Alijua tangu siku ya pili. Alijua tangu ghala lilipoanza kunuka mwarobaini uliochemshwa, ule aliokuwa anafukiziwa mkewe siku zake za mwisho, harufu iliyozidi jua lilipopanda na isiyotoka hata milango yote miwili ikifunguliwa. Alijua aliposikia kwamba Flora akifunga mdomo, hedifoni zinaendelea kuimba kidogo, na alijua zaidi adhuhuri moja alipomkuta uani kando ya beseni, anauosha mkono wake mwenyewe wa kushoto taratibu kama unavyomwosha mtoto mchanga, anaupangusa vidole kimoja kimoja, anauambia kwa sauti ya chini, "Tulia, Flora, maji si ya baridi," huku mkono ule ukitetemeka na kujivuta kana kwamba unataka kutoroka. Alisimama mlangoni, akatazama, akarudi ndani. Kila jioni alikuwa anarudi nyumbani na mkewe, na hakuwa na nguvu za kumkataa.

Kisha Flora akaanza kuchemka mwili. Homa ilikuwa ile ile, ilianzia kwenye macho, ikashuka kifuani. Hakula. Aliimba amekaa, baadaye akaimba amelala kwenye magunia, na sauti ilizidi kuwa nzuri kadiri mwili ulivyokonda. Nyimbo zilikuwa zimebaki mbili, kisha mmoja.

Yoeli ndiye aliyempigia Yasinta simu. Alifika kutoka Newala, Flora akafumbua macho na kumwita "mdogo wangu", akamkumbusha kikombe cha baba yao walichovunja wakiwa wadogo na kukifukia nyuma ya choo. Yasinta akamgusa binti shingoni.

"Shemeji, mtoto ana moto namna hii, na wewe unarekodi?"

"Umebaki wimbo mmoja," Cuthbert alisema, na aliposikia alichosema, akafunika uso.

Yasinta alimleta Bwanali, fundi wa kutoa mashetani, mtu mnene mwenye goti bovu aliyeshuka kwenye bodaboda akilalamikia barabara. Alipoingia ghalani aliacha kulalamika. Alimtazama Flora muda mrefu, naye Flora akamtazama.

"Sijui kama ni mkeo," alimwambia Cuthbert polepole. "Jina likilala chini, yeyote apitaye hulivaa. Labda ni yeye, labda ni jini. Wimbo huo ukiisha, ataondoka na mtoto."

Alieleza kinachotakiwa. Yasinta apewe jina leo hii. Sauti iliyoingia kwenye mashine ifutwe yote, kwa mkono wa aliyeita, na huyo huyo aliyeita amwambie aende, bila kulitaja jina, kwa kuwa sasa lina mwenyewe. Akampaka Yasinta unga wa mtama kwenye paji la uso, akamwita Anastasia, na Yasinta akaitika huku machozi yanamtoka. Flora kule kwenye magunia akainua kichwa.

Cuthbert akaketi mbele ya kompyuta. Alifuta wimbo wa kwanza, na sauti ya yule aliyelala kwenye magunia ikapungua; akafuta wa pili, na harufu ya mwarobaini ikapanda mpaka Yoeli akakohoa, na mabati ya paa yakaanza kulia juu yao ingawa hakukuwa na upepo, na kila alipofuta aliisikia nyuma yake sauti ile ikimwimbia wimbo uleule anaoufuta, bila hasira, ikizidi kuwa ndogo, mpaka ukabaki ule wa mkewe peke yake na kidole chake kikakataa.

"Baba Flora," sauti ilisema. "Huko nilikuwa nimeshazoea. Umeniita mwenyewe."

"Najua."

"Uliniamsha ili unifukuze?"

Bwanali alimshika bega, asigeuke. Cuthbert alikuwa analia kwa kwikwi mbele ya watu, mwalimu mzima.

"Nenda, mke wangu," alisema. "Nisamehe. Niachie mtoto."

Akafuta. Mabati yakanyamaza. Hewa ikarudi kuwa ya magunia na vumbi la korosho, na Yasinta alipomgusa Flora, jasho lilikuwa limemtoka na moto umeshuka. Baada ya muda binti akafumbua macho, na safari hii yalikuwa macho yake mwenyewe. Aliomba maji, akanywa kikombe chote. Kisha akawatazama mmoja mmoja kana kwamba anamtafuta mtu.

"Alikuwa amenibeba mgongoni," alisema. "Muda wote huo. Baba, kwa nini umenishusha?"

Yasinta, mwenye unga bado usoni, akaja mbele ya magunia, akampa mgongo binti yule mzima, akachuchumaa na kuitanua khanga yake.

"Panda, mwanangu," alimwambia. "Mama ni mimi."

Flora aliutazama mgongo ule kwa muda, akatikisa kichwa, akabaki anaangalia mlango wa ghala uliokuwa wazi.