Puto Jeusi la Poni

Jumamosi moja uvumi ulifika sokoni Koboko pamoja na lori lililotoka mpakani. Kitu cheusi, kisicho na injini wala sauti, kilikuwa kimeonekana angani kikielekea Oraba, kule mpakani. Wengine walisema ni bomu la vita vya ng'ambo ya mpaka. Mama mmoja muuza mihogo, jina lake Afisa, aliendelea kupima mihogo yake mikavu, lakini moyo ulikataa kutulia. Kitu hicho alikijua. Kilitoka nyumbani kwake.

Binti yake, Mariam Poni wa darasa la sita, alikuwa ameunganisha mifuko myeusi ya plastiki kwa solusheni ya kuzibia pancha za baiskeli, ikawa puto moja kubwa kuliko kitanda. Alikimbia nalo uwanjani mpaka likajaa hewa, akalifunga mdomo, akaliacha juani. Jua likalipasha joto nalo likapanda lenyewe, bila moto. Hata wazee waliostaafu jeshini walibaki wanalitazama, shingo juu. Kila mara Poni na rafiki yake Lokule hulifuata kwa miguu, wakiwauliza wakulima limepita wapi, ili wajue linapotua.

Afisa alimwachia jirani mizani, akadandia lori la chumvi lililokuwa likienda Oraba. Njiani wakulima walimwonyesha: watoto wamepita huku.

Aliwakuta karibu na Oraba, kwenye kijia cha shamba lililoachwa. Puto lilikuwa limenasa kichakani, linametameta. Tawi kavu lilikuwa limelazwa kukatiza njia. Kule Koboko mwenye shamba huweka tawi hivyo akishapanda karanga, na watoto huliruka tu. Lokule alikuwa bado upande wa barabara, akimcheka Poni kwamba anatembea kama bibi harusi. Poni alikwisha kuliruka.

"Poni, simama hapo hapo," Afisa alisema polepole. "Usiende mbele."

"Mama, iko pale tu. Mwenye shamba hayupo."

"Hili tawi si la mwenye shamba. Huku ni alama: chini iko bomu. Ng'ombe wa Ayiko, mkulima wa hapa, alifia humo."

Afisa alimwambia binti yake arudi kinyumenyume, akanyage pale pale alipokanyaga. Poni alirudi hatua moja, kisha nyingine, mpaka mama akamshika mkono na kumvuta kifuani.

Afisa alilitazama lile puto. "Umefanya kazi ambayo mimi siwezi," alisema. "Lakini akili yako ilikuwa juu tu, miguu umeisahau. Puto jingine utatengeneza. Mguu huwezi."

Puto waliliacha pale pale. Siku hizi Poni husubiri upepo unaovuma kuelekea Arua, mbali na mpaka, na madereva humletea habari za lilikotua.

Basi, watoto mnaorusha maputo, sikieni:

Msirushe upepo ukielekea mpakani.
Msiondoke bila kuaga nyumbani.
Msiruke tawi lililolazwa njiani, hata kama mnadhani mnajua maana yake.
Msiguse chuma msichokijua, huenda ni bomu.
Puto likiangukia shamba lililoachwa, msilifuate.