Njoo Uchukue

Mama mtu aliianika ile jinzi ikiwa imegeuzwa ndani nje, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Alipoirudia alasiri aliikuta imegeuka yenyewe, upande wa nje uko nje, na magoti yamevimba kana kwamba mtu aliivaa, akachuchumaa, akaivua na kwenda zake. Upepo hauna mikono. Lakini mama mtu hakuuliza. Aliyapapasa yale magoti, akatabasamu peke yake.

Tuanze vizuri, maana hadithi ikianzia magotini mtapotea. Mama huyu alikuwa na watoto wawili, binti na kijana wa kiume. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na jinzi yake moja aliipenda kuliko kula. Mapajani ilijaa vitobo vya cheche, lakini aliichunga kama yai. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yake kuifua: igeuze ndani nje, Bi Mkubwa, rangi isichujuke, maji ya baridi, sabuni kiduchu, usiikamue, anika kivulini. Bi Mkubwa ndilo jina alilomwita tangu alipojua kusema, la mama hakuwa nalo. Mama mtu alinung'unika kwamba hajaona suruali inayodekezwa namna hiyo, lakini alifuata. Na kila akimaliza kuianika alipaza sauti kuelekea chumbani kwa kijana: "Tayari, njoo uchukue." Uongo mtupu, maana bado ilikuwa inachuruzika. Huo ulikuwa mzaha wao. Kijana alikuwa akitoka, akasimama mbele ya kamba, akaitazama kama anayetazama mchumba.

Basi kijana akaanguka kutoka juu ya jengo akiwa kazini. Siku hiyo alikuwa amevaa suruali nyingine. Jinzi ikabaki nyuma ya mlango, chafu, inanuka chuma kilichoungua na jasho lake. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaondoka, kama ilivyo kawaida ya watu. Baadaye binti akamwambia mama yake kwamba nguo ya marehemu haifai kukaa na uchafu, aifue waitoe sadaka. Mama mtu akaifua vilevile alivyofundishwa, na alipomaliza kuianika ulimi ukamtangulia: "Tayari, njoo uchukue."

Nyuma ya nyumba, pasipo na mtu, sauti ikaitika taratibu: "Nakuja, mama."

Kosa ndilo hilo. Unamwita asiyekuwepo, unategemea aje nani?

Habari ya kuitoa ikafa hapohapo. Jinzi ikawa inakutwa na vumbi kwenye mapindo, na ile harufu ya chuma na jasho inarudi nzito kuliko ya mwanzo. Mama mtu anafua tena, anaita tena, na kila akiita anaitikiwa karibu zaidi: kwanza nje ya ukuta, kisha penye beseni, hatimaye ndani ya chumba cha kijana. Yeye akakonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili, na suruali nayo ikanenepa. Binti alipomuuliza, aliambiwa aache umbea.

Mchana mmoja binti alikuwa akipiga pasi sebuleni, jua kali, majirani wanagombana nje kama kawaida yao, akasikia ukumbini ule mlio wa jinzi nzito inayosuguana mapajani mtu akitembea, shwa, shwa, shwa, akadhani masikio yanamdanganya, akainua pasi asiunguze nguo, na mlio ukampita mlangoni pasipo kivuli, ukaacha nyuma harufu ya chuma kilichoungua, ukaingia chumbani alikokuwa mama yake, na kiti kikalia kama kinavyolia kikikaliwa na mwanamume mzima, kisha akasikia sauti ya kaka yake, kaka yake aliyemwona akifukiwa, ikisema kwa upole kama mtu anayembembeleza mgonjwa: "Mama, tayari. Njoo nikuchukue."

Na mama yake akajibu, "Ngoja nivae viatu."

Binti alimshika kiunoni, akamburura mpaka nje, kiatu kimoja mguuni.

Mganga waliyemwendea alikuwa mzee mwenye sikio zito. Binti akamweleza kwamba taabu ni jinzi ya kaka. Mganga akasema ya kaka au ya dada, jini ni jini. Binti akarudia, jinzi, mzee, suruali. Mganga akasema nayo ni hayohayo. Hakutaka jogoo wala ubani. Alisema jini halikai kwenye nguo, linakaa kwenye harufu, na aliyeliita ndiye wa kuitoa: maji ya moto, upande wa nje nje, sabuni nyingi, brashi, mpaka kisibaki kitu.

Mama mtu akasema hataki. Hiyo harufu ndiyo mwanawe aliyebaki.

"Ukienda, mama," binti akasema chini kwa chini, "mimi nitamwita nani?"

Mama mtu akamtazama muda mrefu, kama mtu anayekumbushwa kwamba aliacha chungu motoni. Wakarudi nyumbani. Akabandika maji.

Yalipochemka akaitumbukiza. Beseni likalia. "Mama, yananiunguza," sauti ikasema, ndogo sasa, ya mtoto anayeogeshwa. Mama mtu akasugua. "Mama, baridi, weka ya baridi." Akasugua, machozi yanadondokea kwenye povu, rangi inachujuka, maji yanakuwa ya buluu, kisha meusi, na kila brashi ilipopita sauti ilipungua, mpaka ikabaki pumzi, mpaka likabaki povu. Akaikamua kwa nguvu zake zote. Akaianika juani.

Ilikauka bapa, imepauka, haina magoti ya mtu. Mama mtu akainusa. Ilinuka sabuni. Akafungua mdomo kuelekea chumbani, akaufumba.

Binti alisimama pembeni yake. Akamuuliza polepole kama kweli aliamini yule ni kaka.

"Kaka yako aliwahi kuniita mama?"

Binti akatikisa kichwa.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," mama mtu akasema, akiikunja suruali. "Ila lilikuwa linaitika."