Picha ya Binti Aliyeachwa Ufukweni

Jua lilikuwa likizama katika ghuba ya Napoli wakati Porzia alipopanda ngazi za karakana, mkononi mkate na dagaa wa chumvi, chakula cha mumewe. Kila baada ya hatua chache alisimama kuhema. Tangu Aniello aanze kumchora, nguvu zilikuwa zikimwisha kama mgonjwa.

Alimchora amelala ufukweni, awe yule binti wa mfalme katika visa vya Wagiriki wa kale, ambaye mpenzi wake alimtoroka usingizini akapanda merikebu. Aniello alimwomba shungi la nywele na tone la damu, eti rangi nyekundu ikolee. Akampa. Hakuwa na la kumnyima mumewe.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya mafuta ya kitani... na ya nywele zilizoungua.

Aniello hayupo.

Kisha akasikia mtu anapumua.

Ilikuwa picha. Kifua cha yule binti kilipanda, kikashuka, sawasawa na chake.

"Usimguse."

Aliyenong'ona ni Mennella, ajuza msaga rangi, mzaliwa wa Benevento, mji wa wachawi, ambao watu huutaja wakipiga ishara ya msalaba. Akaeleza, bila kumtazama usoni, kwamba Aniello alitaka picha yenye uhai, naye Mennella akamuuliza pumzi atatoa nani.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mke wangu. Hajawahi kunikatalia kitu.'"

"Yuko wapi?"

"Kapanda meli ya Hispania mchana. Na mdogo wako."

Porzia akaitazama merikebu iliyochorwa. Jana mwanamume alisimama humo peke yake. Sasa kando yake palikuwa na mwanamke, kajitanda shela ya mdogo wake Dianora, ile aliyomshonea yeye mwenyewe.

Akashika kisu cha kukwangulia rangi.

"Ukimkata aliyelala, utakatika wewe, mwanangu."

Porzia akaichana merikebu, kuanzia tanga hadi majini.

Turubai likaanza kuvuja. Akaonja.

Chumvi.

Meli ile haikufika Hispania. Porzia alipona. Mennella hakuonekana tena. Picha ilikataa kuungua, hivyo akaigeuza uso ukutani. Sauti ya mumewe hajaisikia humo hata siku moja. Lakini upepo ukitoka baharini, kucha hukwaruza turubai kwa ndani, na Dianora huita kwa sauti ndogo:

"Dada... Aniello aliniambia umekufa."